Safi, Lakini Zimekufa

Benki ya Damu ya Hospitali,
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Mgongo umekuachia ulale? Wifi na watoto hawajambo? Huku tu wazima wa mwili. Moyo wangu ndio unaochemka, na bora uchemkie kwako kuliko nimrushie mtu kiti.

Unamkumbuka fundi cherehani aliyemshonea Wifi gauni la harusi? Amelazwa kwetu, saratani ya damu. Dawa zimemmalizia chembe za kugandisha damu, hata fizi zinavuja zenyewe. Anaishi kwa chembe za kuchangiwa, zile za manjano tunazozihifadhi kwenye mifuko.

Mwaka huu tumepata mashine ya kuua vijidudu ndani ya mifuko hiyo, kwa dawa na mwanga. Ni kitu kizuri, sikatai. Lakini chembe zenyewe bado ni hai, tena matibabu hayo huzichosha kidogo. Lazima zitikiswe taratibu usiku na mchana, la sivyo zinakufa.

Alhamisi, nikiwa mapumzikoni, wageni walikuja kuiona mashine. Mkuu wetu, tunayemwita Bwana Tayari, akachomoa waya wa kitikisio, chombo cha kuitikisa mifuko hiyo, apate pa kuchomeka feni. Wageni wasitoke jasho! Akasahau kuurudisha.

Jumapili asubuhi nikakuta mifuko imelala kama mawe. Nikainua mmoja kwenye mwanga. Chembe nzima ukizigeuza huzunguka kama moshi. Hizi, wapi!

"Zimekufa hizi, bosi," nikamwambia Bwana Tayari.

"Zimepita kwenye mashine, dada. Ziko safi."

"Hata maiti iliyooshwa ni safi!"

Ndipo akasema mfuko mmoja umeshapanda wodini alfajiri.

Nilipanda ngazi mbio. Mfuko ulikuwa mtupu, na fundi damu imemvujia ndani ya jicho la kulia. Tukaomba mifuko yenye chembe hai hospitali nyingine, ikafika alasiri, fizi zikakauka. Jicho halitaona tena. Fundi cherehani, Kaka! Daktari hajui kama chembe nzima zingeliokoa. Mimi pia sijui. Najua tu kwamba nafasi hiyo alinyimwa kwa ajili ya feni.

Jana Bwana Tayari kaniletea karatasi nitie saini kwamba mfuko ulikaguliwa ukaonekana bora. Nikaandika yaliyotokea, mpaka nyuma ya karatasi, ndipo nikatia saini. Atanishtaki, na ashtaki.

Kisha nikaenda kumweleza fundi mwenyewe. Akauliza, "Na huyu mwenzangu wa kitanda cha pili, naye wamemwekea za namna hiyo?"

Nikamwambia hapana, iliyobaki niliizuia.

Akanishika mkono. "Basi nenda kale kitu, mwanangu."

Nisalimie sana Wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbatia. Mama anakuombea kila siku. Mola akulinde, akuepushe na wakubwa wasioambilika.

Ni mimi nduguyo mdogo akupendaye, hata akiwa na hasira hivi,
Kitindamimba