Mshindi wa Maswali ya Simu

Jumatano, usiku

Isiolo nzima nani ana bahati kama mimi? Leo kwa darasa la watu wazima Mwalimu Kendi ametupatia habari tusome, kisha mchezo wa maswali kwa simu. Anayebonyeza jibu haraka anapata pointi nyingi. Nimebahatisha yote, nikawa nambari moja!

"Baba Ekai, wewe ni moto," mwalimu akasema. "Kesho wafugaji kutoka Kipsing wakija, utawasomea maelezo ya dawa ya mbuzi."

"Mwalimu, hata mbuzi wenyewe nitawasomea!" Darasa lote likacheka.

Sasa naogopa. Maneno nayatamka vizuri, lakini nikifika mwisho sijui nimesoma nini. Nikiwapotosha kuhusu kipimo cha dawa, mbuzi wa watu watakufa, na watoto wao watakunywa nini?

Anayefaa kusoma ni Nakiru, mama tunayekaa naye dawati moja. Yeye husoma polepole na anaelewa. Kidole chake husimama juu ya jibu kwenye simu yake mpaka awe na hakika, ndipo abonyeze.

Mimi nilikuwa naangalia kidole chake kimesimama wapi, nabonyeza kabla yake. Hakuna bahati hapo. Nimeiba.