Shati Lililoungua

Shikamoo Mama mkwe,

Piga vigelegele! Mwanao mzima, yuko mezani anakula kama katoka jela! Ile ndege ya tajiri wake iliyogonga mlima, hakuipanda! Asubuhi ile niliunguza shati lake kwa pasi, akafoka, “Mwanamke una kisirani wewe!” Akatafuta jingine, akachelewa, wakamwacha uwanjani. Leo shati hilo kalitundika sebuleni kama picha ya harusi, na mimi ananiita malaika!

Wote waliopanda wamekufa, Mama. Hata rubani, jirani yetu wa mlango wa pili.

Mkewe kaja sasa hivi kuazima pasi, anyooshe nguo za msibani. Nimempa ileile. Nimeshindwa kumtazama usoni.

Mkweo mwenye kisirani