Nimeifikia Hapo Tu Yako

Hawa, shoga yangu,

Nimefika kwenu. Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu hukuwa na subira na maneno ya kuzungukazunguka. Nimefika kwa miguu yangu, mbio, si kwa bodaboda, na sasa nimesharudi mjini, naandika hapa kibandani, cherehani nimeifunika na mlango nimeurudisha nusu ili wateja wadhani sipo.

Sijui barua ya namna hii hupelekwa vipi. Naiandika tu.

Garsen ni ileile. Maji ya mafuriko yalirudi mtoni, yakaacha nyasi tele, na ng'ombe wa kwenu wamenawiri hadi wanang'aa. Wenzako wauza maziwa wamehamia upande wenye kivuli. Mahali pako ameketi mama mwingine, mpole sana, hamtanii mtu. Nanunua kwake. Chai inatoka nzuri, lakini sijazoea kupimiwa maziwa bila kuchokozwa.

Maana ulinianza wewe. Uliniona nikiinuka kwenye cherehani huku nimeshika ukuta, miguu imevimba kwa kukaa, ukasema, "Fundi, wewe nashona nguo ya watu, mwili yako naachia nani?" Kesho yake ulipomaliza kuuza ukaja kusimama mlangoni na vidumu vyako vitupu. "Nisindikize." Nikakusindikiza hadi mwisho wa maduka, nikarudi nahema, nikaapa sitarudia. Asubuhi iliyofuata ulikuwa mlangoni tena.

Ulipokuwa ukija mjini ulitembea polepole kwa ajili ya maziwa. Lakini kurudi! Kurudi ulikuwa na mwendo wako, si kutembea si kukimbia, dera umelikamata kwa mkono mmoja, vidumu vinagongana mgongoni, ko, ko, ko. Mbio zangu nilijifunza kwa kuufuata mlio ule. Ukiharakisha, naharakisha. Ukiacha kusikika, najua nimeachwa. "Nyinyi watu ya mto," ulikuwa ukinicheka, "mguu yenu ni kasia. Nje ya maji haina kazi."

Nilipoweka kwenye simu ile programu inayotaja kilomita, ulisimama katikati ya njia ukacheka mpaka ukakaa chini. Ukamsikiliza yule mwanamke wa ndani ya simu akitangaza umbali, ukaniuliza, "Huyu alifika kwetu lini?" Tangu siku hiyo nikimsikia nacheka peke yangu, na watu wa Garsen wana la kusema. Mwanzoni walisema mengi. Mzee mmoja alinikuta nakimbia kando ya lami, suruali chini ya dera, naye akaanza kukimbia. Aliponipata akaniuliza kwa hofu, kiboko au vita? Nikamwambia ni mazoezi. Alinitukana vizuri sana.

Mwisho wa safari zetu ulikuwa ule mti wa mkoma wenye vichwa viwili, pale njia ya ng'ombe inapoiacha lami na kuingia uwandani. Hapo ulisimama kila siku ukaniambia, "Rudi sasa. Kwetu hapo tu." Na ukaongeza, ukinielekezea kwa kidevu, "Siku utafika kwa mguu yako, nakupa maziwa ya nyumba. Hii ya kidumu ni ya kuuza."

Nami niliamini, Hawa. Kwetu Chara, kijijini kando ya mto, mtu akikwambia hapo tu, ukiita unaitikiwa. Pakiwa mbali tunavuta sauti, kuleee, na kadiri sauti inavyovutwa ndivyo utakavyochoka, kwa hiyo mtu hujua mapema. Nyinyi hamvuti. Kisima ni hapo tu, Kilelengwani ni hapo tu, ng'ombe waliopotelea mpakani ni hapo tu. Nilijua nitakuja siku yoyote, jioni moja baada ya kufunga kibanda, ninywe maziwa yako nirudi kabla ya giza.

Kisha maji yakaja. Njia ikafungwa, wauza maziwa hawakuonekana, na ilipofunguka walikuja wote ila wewe. Walisema ni homa. Walisema ulizikwa siku ileile kama ilivyo desturi yetu, na maji yalikuwa kiunoni. Niliendelea kukata kitambaa. Nilikata mikono yote miwili ya shati upande mmoja, ya kushoto mtupu, na mwenye shati alipoona uso wangu akasema basi, si neno.

Wenzako walitaka kunipeleka kwa bodaboda kutoa mkono wa pole. Nilikataa, wakaniona sina utu. Lakini uliniambia kwa mguu. Sikuwa na kitu kingine chochote kutoka kwako ila lile neno, na nililitaka litimie lilivyo.

Njia ilipokauka nikaondoka. Bila maji, bila hata tende, maana ni hapo tu. Niliupita mkoma, nikaona moyo umejaa furaha ya ajabu. Jua likapanda. Udongo mweusi ulikuwa bado una unyevu chini, ukaning'ang'ania viatu hadi nikawa nimebeba shamba. Mwiba wa mti wa mathenge ukapenya soli. Kila nikikutana na mchungaji namuuliza kwa Hawa muuza maziwa ni wapi, naye ananyoosha kidevu: hapo tu. Wa mwisho aliniona midomo ilivyokauka, akanilaza kwenye mkokoteni wake wa punda, akanirudisha barabarani. Nililia njia nzima, si kwa uchovu. Nililia kwa sababu uliniambia karibu na mimi sikufika.

Siku nyingi sikukimbia. Kisha asubuhi moja ukungu ulilala juu ya uwanda mpaka mji ukapotea, na nikiwa kitandani nikasikia ko, ko, ko, ikipita nje. Pengine ni ng'ombe na kengele yake ya mti. Nilivaa viatu nikafuata. Sikuona kitu mbele yangu ila weupe, na ndege wa majini wakipiga kelele mahali nisipopaona, na sauti ile ikiwa mbele kidogo, mbele kidogo. Ukungu ulipofunguka nilikuwa nimeupita mkoma na sikuwa nimehema. Nilisimama pale nikitazama nyuma yangu njia yote hiyo, sikumbuki kuikimbia.

Basi nikaanza upya, kwa akili. Nilianza kubeba maji. Nilijifunza kuondoka nyota zikiwa bado juu, kufuata vijia vya ng'ombe kwa sababu wao huepuka miiba, kwenda polepole pale ninapotaka kwenda mbio. Kila wiki nilisogea: hadi kwenye bwawa lenye mayungiyungi, kisha hadi kichuguu kirefu, kisha hadi mahali ambapo mwanamke wa kwenye simu hunyamaza kwa kukosa mtandao. Kuanzia pale nilikuwa peke yangu na wewe. Nilikuwa nakwambia habari za mjini kwa sauti, na ng'ombe wakiinua vichwa kunitazama.

Na leo nikaziona nyumba zenu. Nilidhani ni vichuguu, halafu moshi ukatoka juu yake. Sikupunguza mwendo. Mama yako alikuwa ameketi mlangoni, nikamjua kwa kidevu. Sikuwahi kumwona maishani mwangu, na hotuba yangu yote ya pole ikanitoka. Alinitazama viatu, akanitazama jasho, akasema, "Wewe ndio fundi? Wewe nachelewa. Hawa nasema fundi iko njiani."

Iko njiani. Ulimwambia lini, Hawa? Ulikuwa unaumwa, maji yamezingira nyumba, na ukamwambia mama yako mgeni yuko njiani. Nilikaa chini pale pale mavumbini.

Alinipa maziwa ya nyumba. Yana moshi na uchachu kidogo, na ulikuwa sahihi, yale ya kidumu ni maji tu. Nilikunywa yote, naye akiusimamia mkono wangu mpaka nikamaliza. Kisha nikamuuliza ulikozikwa. Akanyoosha kidevu kuelekea uwandani, kusikokuwa na kitu ila nyasi na anga.

"Hapo tu," akasema.

Nilicheka nikilia, naye akacheka, bila kujua nacheka nini, au labda anajua. Akajitanda mtandio, akatangulia pekupeku, na nakuapia, Hawa, mama yako na uzee wake alikuwa na mwendo wako ule ule. Nikafunga kamba za viatu, nikamfuata mbio.

Allah akurehemu, shoga yangu, akupe kivuli. Nitarudi kila maji yakikauka na nyasi zikilala, nije ninywe maziwa na mama yako asiketi peke yake mlangoni. Simu nitaiacha nyumbani. Na mtu akiniuliza hapa Garsen, yule Hawa wako siku hizi yuko wapi, sitavuta sauti. Nitanyoosha kidevu.

Hapo tu.

Fundi wako