Dakika Kumi na Mbili Zilizobaki

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mwalimu. Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima, magoti yametulia, na mama mdogo bado anapita kila jioni kukupa habari za mtaa mzima. Mimi sijambo, ukiondoa shingo, ambayo huniuma siku tatu nne kila baada ya mashindano na kunifanya nigeuke mwili mzima mtu akiniita. Mafundi hunicheka kwa hilo, na mimi huwaacha wafurahi.

Barua yako niliipata na kuisoma mara mbili. Umeniambia nirudi nyumbani kabla ya mwaka kwisha, kwa sababu miaka kumi na minne ya kuzunguka palepale bila kufika popote inatosha. Nilicheka mpaka nikakaa chini, maana hakuna aliyewahi kuieleza kazi yangu vizuri kuliko hivyo. Halafu nikafika pale ulipoandika kuhusu mtoto wa mama mdogo, huyu ambaye sisi huku tunamwita Waya. Umesema ametutia aibu, kwamba nilimwombea kazi kwa mdomo wangu na yeye akashindwa kuchunga redio moja tu, mzembe huyo. Pale sikucheka. Nitakujibu yote mawili, na la kwanza nalijibu hapahapa: sirudi.

La pili ni refu kidogo, kwa hiyo vuta kiti. Mbio zetu huanza saa moja asubuhi na kumalizika saa moja jioni. Gari ni moja, madereva ni watatu, tunapokezana. Zamu ikifika unaingia kituoni, yaani pale kando ya barabara penye mafuta na mafundi wetu, unafungua mikanda, unachomoa kiti chako, mwenzako anachomeka cha kwake na kuondoka. Kila mmoja ana kiti kilichofinyangwa kwa umbo la mgongo wake. Changu ndicho kidogo kuliko vyote na fundi wa matairi amekiandika "beseni" kwa rangi nyekundu. Ndani ya gari kuna joto la jikoni. Wanatuwekea mrija wa maji ya kunywa, lakini baada ya nusu saa maji hayo yanafaa kukoroga chai.

Wenzangu wawili unawajua kwa picha. Yule mwenye mvi ni Profesa, ambaye hakusoma sana ila hesabu zote za mafuta na muda ziko kichwani mwake. Yule kijana mrefu ameoa binti wa mwenye timu, basi karakana nzima inamwita Mkwe, na yeye mwenyewe huitika. Si mtu mbaya, Mama. Anaendesha vizuri na hana maringo. Lakini meneja anajua nani anamlipa mshahara, na kila gari linapokaribia kumaliza, anataka Mkwe ndiye awe kwenye usukani.

Sasa kuna sheria moja. Kila dereva lazima aendeshe kwa muda wa saa mbili kamili au zaidi. Akipungukiwa hata dakika moja, gari linahesabiwa lakini yeye hahesabiwi. Jina lake haliandikwi, jukwaani hapandi. Mwaka juzi waliniita niingie nikiwa nimebakiza dakika saba. Mwaka jana nilibakiza nne. Mara zote mbili waliniambia ni bahati mbaya, hesabu ya mafuta ndiyo imeamua. Uliniuliza kwa nini katika picha za ushindi nimesimama pembeni na taulo begani kama mtu aliyepita njia. Nilikujibu kuwa jua lilikuwa linanichoma macho. Haikuwa jua. Nilikuwa nimekatazwa kupanda.

Mwaka huu nikasema hawanipati. Asubuhi niliendesha saa moja na dakika sita, tairi likapasuka nikalazimika kuingia. Nilibandika utepe mweupe kwenye usukani na kuandika hesabu hiyo kwa kalamu, ili nisidanganywe na mtu. Saa kumi jioni nikaingia kwa zamu yangu ya pili, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Tulikuwa wa kwanza, Mama. Kati ya magari thelathini na moja, letu lilikuwa mbele.

Yaliyofuata uliyasoma gazetini. Waliandika kuwa nilipofikisha dakika arobaini na mbili meneja aliniita nimpishe Mkwe, ila redio ya gari, ile anayonisemeshea nikiwa barabarani, ikawa imekufa, nisisikie, nikaendelea mizunguko mitano zaidi na taa ya mafuta inawaka. Mafuta yasije yakakatika njiani ilibidi niende polepole, naachia mguu mbali kabla ya kila kona na kuliacha gari lijiserereshe. Nilipoingia kituoni injini ilikuwa inakohoa. Mkwe alilichukua akalikimbiza kama mwendawazimu, lakini tulimaliza wa pili, nyuma ya wenzetu kwa sekunde kumi na tisa. Profesa alipiga hesabu akasema ile mizunguko mitano ilitugharimu sekunde arobaini. Kwa maneno mengine, kikombe cha kwanza kilipotelea pale. Jumatatu yake Waya alifukuzwa, kwa kuwa redio ni kazi yake. Nilisikia kwamba katika timu mbili alizokwenda kuomba kazi walimuuliza kama yeye ndiye yule wa redio, kisha wakamwambia watampigia simu.

Mama, redio ilikuwa nzima.

Nilimsikia meneja tangu neno la kwanza. Alisema niingie. Akarudia. Akaniita kwa upole, akaniita kwa ukali, mwisho akaniita majina ambayo siwezi kumwandikia mwalimu mstaafu. Mimi nilitia pamba masikioni. Nilitazama utepe wangu, nikajumlisha: saa moja na dakika arobaini na nane. Zimebaki kumi na mbili. Nikasema mwenyewe ndani ya helmeti kwamba leo dakika hizi hanichukulii mtu. Walipoona siitikii wakakumbuka kuna ubao wa maandishi wa kunionyesha juu ya ukuta wa kando ya barabara. Iliwachukua mizunguko miwili kuupata, kwa sababu ubao ule siku hizi ni sinia la vikombe. Nao niliuona. Nilijibanza upande wa pili wa gari jingine ili niweze kusema sikuuona.

Nilijua mafuta yanaweza kukatika nikawaacha watu ishirini wamekaa bure siku nzima. Nilijua pia kwamba tunaweza kupoteza nafasi ya kwanza. Sikufanya kwa bahati mbaya, wala sikupandwa na wazimu. Nilichagua nafasi ya pili yenye jina langu nikaiacha ya kwanza isiyo nalo, na ukiniuliza leo nitachagua hivyohivyo.

Aibu yangu haiko hapo. Iko kwenye yaliyofuata. Waya ndiye aliyenivua helmeti. Alibonyeza kitufe cha redio, akasikia inafanya kazi, akanitazama. Meneja alipofika anatokwa povu, Waya alikuwa ameshachomoa plagi ameishika mkononi, akasema ilikuwa imelegea, kosa ni lake, hakuikaza vizuri asubuhi. Nami nilikuwa nimesimama pale natiririka jasho, mdomo ninao, nikanyamaza. Nikapanda jukwaani. Nikapiga picha. Kwetu kila dereva huandika ripoti yake baada ya mashindano na hubandikwa karakanani wote waisome. Yangu ilikuwa na mstari mmoja kuhusu jambo hilo: sikusikia wito. Mtu alipoteza kazi kwa mstari ule, Mama, na wewe ukamwita mzembe kwa sababu yangu.

Wiki iliyopita nilimfuata chumbani kwake. Nilimkuta anatengeneza feni la mwenye nyumba. Nilimwambia nakwenda kusema ukweli, akakasirika sana. Akasema tayari ametoa kazi yake ili angalau mmoja wetu abaki na jina, sasa mimi nataka kulimwaga na hilo. Akaniambia nifunge mdomo niendeshe gari. Nilimjibu kwamba sikumwomba anibebe, na kwamba nimepigania kuhesabiwa kwa jasho langu, sitahesabiwa kwa mgongo wake. Tuliachana hatusemezani.

Jana asubuhi nilichomoa ripoti ile nikabandika nyingine. Niliandika kila kitu: wito wa kwanza, ubao, plagi, na jinsi nilivyonyamaza. Niliandika pia zile dakika saba za mwaka juzi na nne za mwaka jana. Mafundi walisoma. Profesa alisoma, akasema hesabu zangu ni sahihi, akaenda zake. Meneja aliniita ofisini akaniuliza kama najuta. Nikamwambia kwa Waya najuta mpaka mifupa, kwake yeye hata kidogo. Akasema nisikanyage tena karakana yake. Kuhusu Waya alisema atamrudisha, tena kwa kununa, maana tangu aondoke hakuna anayejua waya upi unakwenda wapi. Waya ameanza leo. Bado hanisemeshi, ila amenipigia simu akakata kabla sijapokea, nadhani ndiyo salamu.

Basi kazi sina, na bado sirudi. Nimeandikia timu tano, na kila barua nimeeleza kilichotokea kama nilivyokueleza wewe. Anayetaka dereva wa kumvua kiti zikibaki dakika nne asinichukue. Nani atakayenijibu sijui. Matokeo yamekwisha kutiwa muhuri, meneja hana uwezo wa kuyagusa: saa mbili na sekunde hamsini, nafasi ya pili, jina langu kamili. Nafasi ya kwanza tuliyoikosa niandikie mimi, usimwandikie mtu mwingine.

Nina ombi moja. Nenda kwa mama mdogo leo, usingoje aje yeye. Neno ulilomwita mwanawe uliniandikia kuwa ulilisema mbele ya watu, basi lifute mbele ya watu haohao, useme aliyenyamaza ni binti yako wa kumzaa. Najua itakuuma kusema hivyo. Sema tu.

Wasalimie wote hapo nyumbani, wanaonisifu na wanaonisema. Mama mdogo mshike miguu kwa niaba yangu mpaka nije kuishika mwenyewe. Nakuombea afya na usingizi mzuri.

Ni mimi binti yako,
dereva, ingawa kwa sasa sina gari.