Kiapo cha Mama Neema

Azaiba, Jumapili usiku

Bado nacheka peke yangu. Leo asubuhi mke wangu, Mama Neema, ameapa katika ubalozi wa Ufilipino hapa Maskati, na uraia wake wa kuzaliwa umerudi. Aliupoteza alipochukua wa Kenya, baada ya sisi kuoana. Sasa anao wote wawili.

Kilichoniudhi ni kwamba simu tuliziacha mlangoni, kwa hivyo sina hata picha moja. Halafu ofisa aliposema, "Inueni mkono wa kulia," nami nikainua wangu.

"Wewe bwana, shusha," akaniambia.

Ukumbi mzima ukacheka. Mama Neema, aliyekuwa akilia, alicheka kuliko wote.

Nakubali, wiki nzima nimekuwa na wasiwasi. Akishaapa, je, moyo wake utabaki kwetu Kisumu au...

Jioni alimpigia mama yake. Walipiga kelele za furaha kwa lugha yao, kisha akanigeukia.

"Mama anasema nimerudi kuwa binti wao. Na wewe mahari hukuwahi kuleta. Uje uniombe upya."

Nimeshaanza kuulizia bei ya tikiti. Mbuzi ndiye sijui nitambebaje.