Kitufe cha Auto

Uko wapi? Usinipigie, soma tu. Leo nimejiaibisha vibaya sana.

Ile kompyuta kuukuu ya dada, inayoendesha mashine yake ya kudarizi, jana aliinunulia kioo kipya. Picha ikawa inatetemeka, herufi zina vivuli, upande mmoja umekatika. Nikasema huyu ni Mzee Miwani tu, yule fundi anayeshika ufunguo wa duka la dada, si ndiye aliyeisafisha wiki iliyopita? Kachomoa kadi nzima ya picha, kaweka mbovu.

Unakumbuka alivyoniita fundi wa kubahatisha mbele ya watu? Miaka tisa sasa, mimi sijasahau. Nikamwita dukani. Wateja wamejaa, nikamwambia, "Wewe ni mwizi." Mwizi! Na nikarudia. Dada akamnyang'anya ufunguo wa duka palepale.

Mzee akaisogelea kompyuta. Akainama, akabonyeza kitufe kimoja chini ya kioo. Kimeandikwa Auto. Picha ikayumba, ikatulia, ikanyooka.

"Kadi ni ileile, mwanangu. Ni ya zamani, kioo kipya hakijui picha yake inaanzia wapi mpaka ukiambie kipime. Kitufe hukukiona?"

Nilikiona! Nikamjibu, "Nilidhani Auto maana yake kinajifanyia chenyewe."

Wateja wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Dada akamrudishia ufunguo huku akimwomba radhi. Akaukataa. "Mpe huyo fundi wako."

Kaniita fundi, ndugu yangu. Miaka tisa nimelisubiri neno hilo. Ufunguo ninao mfukoni, na sijui nitaupeleka kwake kwa uso gani.