Rangi ya Bunduki ya Faustin

Jumatatu, 4/3/2024
Shemeji Anselme amerudisha bunduki ya marehemu bwana yangu Faustin. Imelowa kama kitambaa! Wiki mbili katika pori ya Ubundu, mvua tupu, hakuipanguza hata mara moja. Kitako iko na ukungu, mubao inatoka nyuzi. Na nyama? Shingo ya mboloko, kale kaswala kadogo, basi.
Nikamuambia nitaipaka rangi. Akacheka. Eti bunduki haiko mulango ya duka. Eti muke anajua nini.
Mutu mubaya!

Jumanne, 5/3
Nimepanda toleka, baiskeli ya abiria, mpaka Makiso, katikati ya mji. Papa Mahmoudi wa quincaillerie, duka ya misumari na rangi, akanionyesha vernis, ile ya kung'arisha mubao. Nikamuuliza: na mvua, je? Akakubali — katika pori itabanduka. Alors akatoa kopo ya rangi ya mafuta, ile wanapaka baleinière, mashua kubwa ya mbao. Inalala ndani ya mto mwaka muzima. Unapaka mara tatu, unangojea kila mara ikauke.
Nyeusi ilikuwepo. Anselme angeipenda. Nikachukua manjano.

Jumatano, 6/3
Nimefungua vis, zile skrubu, kitako imetoka. Nimeisugua na papier de verre, msasa, asubuhi yote. Iko pahali mubao iko laini, shavu ya Faustin ilikaa hapo miaka kumi na tisa. Hapo sikusugua. Nikalia kidogo.
Kisha hasira. Kwa arobaini ya ndugu yake, Anselme hakuja. Lakini kwa bunduki, njia anaijua!
Nimepaka mara ya kwanza.

Ijumaa, 8/3
Wamama wote wako na pagne ya 8 mars, sikukuu ya wanawake, wanacheza. Mimi niko na manjano kwenye vidole. Mara ya pili.
Anselme akaja na tonton Hilaire, mukubwa wa familia. Tonton akasema eti bunduki inafuata damu, na mimi siko damu. Nikamuuliza tonton: Faustin alipokuwa mugonjwa, nani alimunawisha? Akaangalia viatu yake.
Anselme akabeba mutu — hapana, mtutu! Hasira inaniharibia kalamu. Akaubeba, akatoka. Kitako ilikuwa jikoni, inakauka. Nikamupigia kelele: utapiga nao nini, ngoma?

Jumamosi, 9/3
Ameketi mulangoni kwangu tangu saa mbili ya asubuhi, mtutu kwenye magoti. Anaambia majirani nilimuua ndugu yake. Muchawi, mimi! Nimefunga komeo. Kitako iko hapa mezani.
Saa sita ya muchana. Majirani wamerudi kwao. Anakohoa. Kisha sauti ya chini, karibu na mulango:
— Shemeji... uliweka rangi gani?
Nimefungua kopo ya manjano, napaka mara ya tatu.